Alikwenda na Landani

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii ya kueleza jinsi ya kujua baharia wa zamani alikufaje na amezikwa wapi.

Bibi yangu alikuwa na kauli moja tu kuhusu babu yake: "Alikwenda na Landani, hakurudi." Alikuwa akiisema huku anasuka ukili, na ukimwuliza zaidi anaendelea kusuka. Sisi watoto tulielewa kwamba mzee yule alipanda meli akaenda Uingereza, akafia mji wa London. Wakubwa nao walielewa hivyo hivyo. Mjomba wangu mmoja alipopata nafasi ya kwenda kusoma huko, ukoo mzima ulimtwika kazi ya kutafuta kaburi. Alizunguka makaburi ya mji ule Jumapili baada ya Jumapili, hakuona kitu, akarudi kwetu kichwa chini kana kwamba yeye ndiye aliyempoteza.

Jawabu lilikuwa katika neno dogo ambalo sote tulilipita. Bibi hakusema "alikwenda Landani". Alisema "alikwenda na Landani". Ile Landani ilikuwa meli.

HMS London ilikuwa manowari ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1840, ikapigana Sevastopol katika Vita vya Crimea, ikazeeka. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka uliofuata Waingereza wakaileta London ikatia nanga bandarini pale. Haikuwa tena meli ya kusafiri. Ilikuwa kambi inayoelea: ghala, hospitali, karakana, na mahali pa kulala mabaharia. Kutoka humo mashua zilitoka kwenda kuvizia majahazi ya watumwa, hasa upande wa Pemba, na huko zilikaa wiki kadhaa ndipo zirudi. Ilikaa Unguja karibu miaka kumi, ikauzwa mwaka 1884 na kuvunjwa papo hapo.

Katika mashua hizo walikuwemo watu wetu. Jeshi la majini la Uingereza liliwaandika Waafrika wa pwani hii kwa jina la Seedie, kama lilivyowaandika Wakru wa Afrika Magharibi kwa jina la Kroomen. Wengine walikuwa watu huru waliotafuta mshahara. Wengine walikuwa watumwa waliokombolewa na meli hizo hizo, wakabaki humo kwa sababu hawakuwa na pa kurudi. Walichochea moto chini kwenye tanuri, walipiga makasia, walikuwa wakalimani na marubani wa maji madogo. Kiongozi wao aliitwa tindal. Mkataba wao ulikuwa wa eneo: meli ikiondoka kurudi Uingereza, wao hushushwa.

Nimewaeleza haya yote kabla ya kufika kwenye kifo kwa sababu ndiyo njia yenyewe. Mtu akinijia akasema, "Babu yangu alikuwa baharia, nataka kujua alikufaje na amezikwa wapi," swali langu la kwanza halimhusu babu. Nauliza: meli gani? Baharia hana anwani ila meli yake. Huku nchi kavu kifo hufuata mtaa, msikiti, kanisa, hospitali. Kule kifo hufuata chombo. Ukikipata chombo na mwaka, hata mtu ambaye jina lake limeharibiwa utamfikia. Usipokipata, utazunguka makaburi ya London kama mjomba.

Sasa hilo la jina. Maafisa wa meli hawakutaka kuhangaika na majina ya Seedie. Waliwabandika majina mafupi ya kuitika haraka, mengi ya dharau, mengine ya Kizungu tu: Tom, Jack, Jim. Daftari lina mistari mingi ya Tom. Mtu aliyezaliwa, akapewa jina siku ya saba, akatahiriwa kwa jina hilo, akaoa kwa jina hilo, anakufa akiwa Tom wa pili kutoka juu. Jambo hili linaniuma mpaka leo na sitalipitia kwa upole. Ni ukuta wa kwanza ambao kila familia yenye Seedie itagonga.

Madaftari yenyewe yako Kew, kusini-magharibi mwa London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza. Karatasi za jeshi la majini zimepangwa chini ya herufi ADM, kisha namba. Mkitaka orodha za waliomo melini kwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, tazameni ADM 36, 37 na 38. Kwa miaka ya 1872 hadi 1884 kuna ADM 117, madaftari ya mishahara ya meli, na hapo ndipo nilipoishi mimi. Sikuanza na jina la babu. Nilianza na London, nikasoma mstari kwa mstari.

Katika safu ya mwisho ya madaftari ya namna hii huandikwa mtu alivyoondoka melini. Herufi moja, D: ameondoka, kahamishwa au kashushwa. R: ametoroka. Na herufi mbili, DD, ambazo kwa Kiingereza cha mabaharia maana yake ni kwamba ameachishwa kazi kwa sababu amekufa. Ofisi iliandika kifo kama aina nyingine ya kuachishwa, kwani jambo lililoihusu ni moja: tangu siku hiyo asilipwe. Kwa baharia wa karne ya 18 au ya 19, hizo herufi mbili mara nyingi ndizo cheti pekee cha kifo mtakachopata. Msizidharau. Pembeni yake huwa kuna tarehe, na mkibahatika, mahali.

Babu yetu sikumkuta na DD katika London. Nilikuta watu watatu wenye jina moja la kubandikwa, na mmoja wao ana D, amehamishiwa meli nyingine iliyokuwa ikizunguka bahari hii. Hapo wengi hukata tamaa. Mimi nilifuata meli ile ya pili. Katika daftari lake yumo, mwishoni, pamoja na Seedie wenzake, na mbele yake zipo herufi mbili.

Mtauliza nilijuaje kuwa ni yeye, na si Tom wa mtu mwingine. Ni swali la haki na nitawajibu kikamilifu, maana nimeona familia zikimkumbatia marehemu asiye wao kwa sababu tu wamechoka kutafuta. Pembeni mwa mstari wake kulikuwa na maandishi madogo kuhusu mshahara wake uliobaki: umelipwa Unguja, kwa mjane. Na jina la mjane limeandikwa. Limeandikwa vibaya, kwa sikio la Mwingereza, lakini ukilisoma kwa sauti unalisikia. Ni jina la mama wa babu zetu, jina ambalo dada yangu amerithi. Tena bibi alikuwa akisimulia, kama hadithi isiyohusiana na Landani, kwamba nyumbani waliwahi kuletewa fedha kutoka kwa balozi wa Waingereza na mama yule akakataa kuzigusa kwa mwaka mzima. Mume alipoteza jina lake melini. Mke hakupoteza lake, na kwa jina lake tukampata mume. Basi mkifika kwenye kifo, msimtafute marehemu peke yake. Tafuteni aliyepokea.

Kwa wenye mabaharia wa zamani zaidi kuna hazina katika jambo hilo hilo. ADM 44 ni karatasi za madai ya mali za mabaharia waliofariki, kuanzia 1800 hadi 1860. Mjane au mama alipodai mshahara wa marehemu, alitakiwa kuthibitisha yeye ni nani, kwa hiyo humo mna barua, vyeti vya ndoa, ushahidi wa mapadri. Wosia wa mabaharia wa kawaida uko ADM 48. Na katika madaftari ya zamani kuna safu ya nguo za marehemu. Baharia akifa, nguo na vitu vyake viliuzwa kwa mnada penye mlingoti, na bei ikakatwa katika mshahara wa walionunua. Nimesoma kwamba mara nyingine walinunua kwa bei kubwa kupita thamani ya nguo, ili fedha zimfikie mjane. Kwa hiyo mkiona majina ya walionunua, mmeona marafiki zake.

Tarehe nayo ina mtego. Mpaka mwaka 1805 siku ya melini ilianza adhuhuri, saa kumi na mbili kabla ya siku ya nchi kavu. Mtu aliyekufa alasiri ya tarehe 21, kwa hesabu ya meli amekufa tarehe 22. Amri ya kuacha hesabu hiyo ilitolewa Oktoba 1805, mwezi ule ule wa vita vya baharini vya Trafalgar, Waingereza walipopigana na Wafaransa na Wahispania, kwa hiyo hata tarehe za waliofia Trafalgar hugongana kati ya karatasi na karatasi. Sisi ambao kwetu siku huanza magharibi hatuna haja ya kushangaa. Tofauti ya siku moja haimaanishi mmepata mtu mwingine.

Nikishapata tarehe, ninaacha daftari la mishahara na kwenda kwenye daftari la safari la meli, katika ADM 53, inayoanzia 1799. Nawaomba mlipende daftari hili. Ni kavu sana: upepo, tanga, makaa yaliyotumika, kina, waliochapwa viboko. Lakini limeandikwa saa kwa saa, na aliyeliandika hakuwa na sababu ya kutunga. Ukiisoma wiki nzima kabla ya kifo unaiona meli inavyokwenda, unaona joto, unaona idadi ya wagonjwa ikipanda. Ikiwa daktari wa meli aliacha shajara na ikahifadhiwa, iko ADM 101, na humo unaweza kumkuta mzee wako kitandani, siku baada ya siku, na dawa alizopewa.

Maana wengi walikufa kitandani. Tunapenda kuwaza mizinga. Katika vita virefu vya Waingereza na Wafaransa, kati ya 1793 na 1815, waliouawa na adui hawakufika mtu mmoja katika kila kumi ya mabaharia wa Uingereza waliokufa. Waliobaki walichukuliwa na homa, ajali za kuanguka kutoka milingotini, na meli kuzama au kuungua. Pale Gibraltar kuna makaburi yanaitwa Makaburi ya Trafalgar. Ukienda ukidhani umefika walipolala mashujaa wa vita ile, utakuta wawili tu waliokufa kwa majeraha yake. Wengi wa waliomo waliuawa na homa ya manjano, katika milipuko ya 1804, 1813 na 1814. Waliofia vitani siku ile walitupwa baharini, isipokuwa Nelson, admirali aliyewaongoza Waingereza, aliyehifadhiwa katika pipa la brandi na kuzikwa kanisa la St Paul's Januari 1806. Admirali alirudi nyumbani. Mchochea moto na mvuta kamba hubaki pale meli ilipokuwa.

Babu yetu alikufa kwa homa. Daftari la safari la meli ile linasema kwa mstari mmoja kwamba amefariki alfajiri, na kwa mstari mwingine, saa chache baadaye, kwamba mwili umeshushwa baharini. Adhuhuri ya siku hiyo nahodha alipima jua kama kila siku na kuandika latitudo na longitudo. Niliweka kidole kwenye ramani. Ni bahari kuu, mashariki ya Lamu, mahali pasipo na kisiwa wala mwamba.

Nieleze walivyozika, kwa sababu watu huogopa kuuliza. Marehemu alishonwa ndani ya turubai la kitanda chake cha kuning'inia. Miguuni walitia uzito: enzi za matanga, matufe mawili ya mzinga; enzi za makaa, mara nyingi fito za chuma za tanuri, zile zile alizozichochea akiwa hai. Mila ya mabaharia ilitaka mshono wa mwisho upite puani, kuhakikisha kwamba kweli amekufa. Alilazwa juu ya ubao, akafunikwa bendera, sala ikasomwa, ubao ukainuliwa upande wa kichwani.

Mjomba, yule wa makaburi ya London, aliponisikiliza nikisoma haya aliuliza jambo moja tu: nani alimswalia? Waliosoma fiqhi hapa wanajua kwamba anayefia chomboni, na nchi kavu haifikiki kabla mwili haujabadilika, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, kisha hushushwa baharini kwa uzito. Turubai na chuma havikuwa vigeni katika sheria yetu. Lakini kitabu kilichosomwa na nahodha kilikuwa cha kwao. Nitalirudia swali la mjomba nikimaliza.

Kuna wengine wenu ambao wazee wao ni wa vita viwili vikuu vya karne iliyopita. Kwenu karatasi ni nyingi zaidi na mitego ni mingine. Ninyi anzeni na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Inawahesabu waliofariki kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyekufa nje ya siku hizo, kama babu yetu, hamtamkuta humo hata kama alikufa akiwa kazini.

Mtego mkubwa ni minara. Baharia asiye na kaburi linalojulikana ameandikwa jina katika mnara wa Portsmouth, Plymouth au Chatham. Nimewahi kumpokea mzee mmoja aliyefunga safari ndefu mpaka Chatham, akauliza mlinzi mwili uko upande gani. Hakuna mwili pale. Chatham pekee ina majina zaidi ya 8,500 ya vita ya kwanza na zaidi ya 10,000 ya vita ya pili, na chini yake hakuna mtu. Tena mnara hauonyeshi alikozaliwa wala alikofia. Unaonyesha bandari iliyomwandikisha. Meli moja ikizama, majina ya wafanyakazi wake yanaweza kugawanyika minara mitatu.

Mtego wa pili ni jina la meli, na huu unanirudisha kwenye kauli ya bibi kwa upande mwingine. Karatasi inasema alifariki mwaka 1917 akiwa wa HMS Victory. Familia inafurahi: meli ya Nelson! Lakini wakati ule Victory lilikuwa jina la kituo cha nchi kavu cha Portsmouth, kama HMS Pembroke lilivyokuwa la Chatham. Sheria ilitaka kila baharia awe katika vitabu vya meli fulani, kwa hiyo kambi zilipewa majina ya meli. Mtu wa "Victory" anaweza kuwa alikufa kwa mafua katika hospitali ya Haslar, na kaburi lake liko hatua chache kutoka hapo, lina jiwe, lina namba. Kwetu mji ulikuwa meli; kwenu meli inaweza kuwa jengo.

Na maji hayatulii. Katika vita vya Jutland, Mei 31 na Juni 1, 1916, Waingereza walipoteza watu 6,094. Wengi wao wamo ndani ya meli zilizolala chini ya Bahari ya Kaskazini. Lakini kwa wiki nyingi baadaye mikondo iliwafikisha wengine pwani za Norway, Sweden na Denmark, na wavuvi na wanakijiji wakawazika. Wapo Fredrikstad, wapo makaburi ya Kviberg huko Göteborg. Kwa hiyo hata kama jina lake liko mnarani, bado someni makaburi ya nchi za ng'ambo, hata yale ya "baharia asiyejulikana" yanayotaja tarehe na meli. Familia za HMS Royal Oak, iliyozamishwa katika ghuba ya Scapa Flow, Scotland, Oktoba 1939 na kuua zaidi ya watu 800, wengine wana kaburi Lyness, karibu na hapo, na wengi wana meli yenyewe. Leo meli hiyo inalindwa kwa sheria ya 1986 inayokataza kuchokoza mabaki ya askari, na haiguswi bila ruhusa.

Huku kwetu, mbele ya mji wa Unguja, kiko kisiwa cha Chapwani. Wapo mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kazi ya kuzuia watumwa, na wapo wa HMS Pegasus. Pegasus ilikuwa bandarini imezimwa ikitengenezwa boila, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, pale manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipotoka mafichoni Rufiji na kuipiga mizinga. Zaidi ya watu 30 walikufa. Bahari ilikuwa ndani ya macho ya mji, ndiyo maana waliozikwa wana ardhi. Na aliyekuwa na mzee katika meli za Waingereza zilizohamia Kilindini mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), asiangalie minara tu. Huenda mzee alifariki Mombasa kwa malaria, akazikwa Mbaraki.

Seedie nao wana mawe mahali pengine. Simon's Town, Afrika Kusini, katika makaburi ya zamani ya Seaforth, yapo mawe ya Kroomen na Seedie waliofia kituo kile. Kwa aliyepoteza mzee huko, jiwe lenye jina la kubandikwa ni jambo zito: unapiga magoti mbele ya jina ambalo mama yake hakulijua. Hata hivyo pigeni picha, nakilini maneno yote pamoja na jina la meli. Kwa meli mtarudi Kew, na Kew huenda mkamkuta mjane wake.

Desemba 1881 nahodha wa London mwenyewe, Kapteni Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolifuata jahazi la watumwa. Magazeti ya Uingereza yalichora kifo chake, kila pigo. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara najikuta nahesabu waliokuwa naye ndani ya mashua, nikitafuta ni nani kati yao aliyeitwa Tom.

Nilisema nitarudi kwenye swali la mjomba. Tulimsomea babu hitima, ukoo wote, kwa jina lake la kwao. Baada ya watu kuondoka mjomba alinishika mkono akauliza tena: siku ile, nani alimswalia? Nikamfungulia nakala ya daftari. Kwenye ukurasa ule ule wenye herufi mbili za babu, kuna Seedie wengine tisa na tindal wao, na wote kumi mshahara wao unaendelea kwa mwezi uliofuata. Walikuwa hai, walikuwa melini, wakiwa wamesimama hatua chache kutoka ule ubao. Watano kati yao waliandikwa Unguja mwezi mmoja na yeye.

Mjomba alisoma yale majina kumi ya kubandikwa, moja moja, kwa sauti. Kisha akasema: "Na hawa wana wajukuu." Nimeanza na tindal. Alishushwa Unguja meli ilipoondoka, na mshahara wake aliupokea mwenyewe.